Kambi za Masomo na Mzazi Asiye na Mchango: Tumwondolee Mzigo wa Kujilaumu



Kila mwaka, kuanzia likizo ya Juni hadi mitihani ya Novemba, neno "kambi" husikika sana katika vijiji vya wilaya za Mbulu na Hanang. Kwa wanafunzi wa madarasa ya mitihani, kambi maana yake ni kulala shuleni kwa majuma kadhaa, kusoma asubuhi, mchana na usiku, na kula kwa pamoja. Kwa mzazi, kambi maana yake ni mchango: mahindi, maharage, mafuta ya kupikia, kuni, na fedha za mpishi, mlinzi na nakala za mitihani ya majaribio. Kanisani nako kuna kambi zetu: makongamano ya UKWATA wakati wa Pasaka, kambi za watoto wa shule ya Jumapili na safari za kwaya za vijana. Zote ni njema, na zote zina gharama.

Makala hii inamhusu mzazi ambaye anatamani mtoto wake aende, lakini hana. Katika vikao vyetu na wazazi tumeona kwamba mzazi huyu hubeba mizigo miwili. Wa kwanza ni ukosefu wa fedha. Wa pili ni kujilaumu, na mara nyingi huu wa pili ndio unaomdhuru mtoto zaidi. Tunaeleza hapa mzigo huo unatoka wapi, unazaa nini, na kamati ya usharika inaweza kuupunguza kwa njia gani.

Kwa nini kambi zipo

Ni vizuri kwanza kukubali kwamba kambi hazikubuniwa ili kuwasumbua wazazi. Tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) ulipoanza mwaka 2004, shule za kata zimejengwa kwa wingi, na karibu zote zilianza kama shule za kutwa. Katika nchi yenye milima na mabonde kama Mbulu, au yenye vijiji vilivyotawanyika kama tambarare za Basotu, mwanafunzi wa kutwa hutembea mwendo mrefu asubuhi na jioni. Akifika nyumbani kuna ng'ombe wa kurudisha zizini, maji ya kuchota na kuni za kukata. Giza likiingia, kaya nyingi hazina taa ya kusomea. Msichana ndiye anayepata muda mdogo zaidi, kwa kuwa kazi za jikoni humsubiri yeye.

Kambi humwondolea mwanafunzi vikwazo hivyo vyote kwa mara moja. Humpa muda, mwanga, chakula, mwalimu wa kumwuliza na wenzake wa kujadiliana nao. Kwa hiyo mzazi anayeona uchungu mtoto wake akikosa kambi haoni uchungu wa bure. Kuna kitu cha kweli ambacho mtoto anakikosa. Mtu anayekwenda kumwambia mzazi huyo kwamba "si kitu" hamsaidii, kwa sababu mzazi anajua kwamba ni kitu.

Wala jambo hili si letu peke yetu. Huko Marekani, ambako kambi za watoto za likizo zilianza tangu mwaka 1861 katika jimbo la Connecticut, likizo ndefu ya kiangazi huwapa wazazi wenye kipato kidogo wasiwasi uleule: watoto wa jirani wanakwenda kambini, wangu anabaki. Tofauti ni kwamba kule kambi nyingi ni za michezo na mapumziko. Kwetu kambi imefungwa na mtihani, na mtihani umefungwa na maisha yote ya mtoto. Ndiyo maana kujilaumu kwa mzazi wa Dongobesh au Endasak huingia ndani zaidi.

Mchango huja wakati gani

Wengi husema, "Mchango wenyewe ni mdogo." Lakini udogo wa mchango hutegemea unaombwa mwezi gani. Mkulima wa kwetu hapokei mshahara kila mwisho wa mwezi. Mahindi na maharage hupandwa mvua zinapoanza, kati ya Novemba na Desemba au baada ya hapo, na mavuno makubwa huja katikati ya mwaka. Januari shule zinapofunguliwa, mzazi ananunua sare, madaftari na viatu wakati ghala linaelekea kuisha na palizi inadai nguvu. Juni na Julai kambi zinapotangazwa, mahindi yapo, lakini kila mtu anauza, na bei iko chini.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Tuseme mchango wa kambi ni shilingi 80,000, na gunia la mahindi wakati wa mavuno ni shilingi 40,000. Mzazi atauza magunia mawili. Kama gunia hilohilo Februari litafikia shilingi 80,000, basi mzazi ametoa chakula ambacho atalazimika kukinunua tena kwa shilingi 160,000. Mchango wa 80,000 umemgharimu mara mbili. Bei hubadilika kila mwaka na kila mnada, lakini mwendo wake haubadiliki: anayeuza kwa kubanwa huuza kwa hasara.

Kutokuwa na uwezo na kutojali ni vitu viwili

Hapa ndipo shina la jambo lenyewe lilipo. Kujilaumu ni kitu chema mtu anapokuwa amekosa. Mzazi aliyekunywa pombe fedha za daftari ana haki ya kusumbuliwa na dhamiri yake, na sisi viongozi tuna wajibu wa kumwonya. Lakini mzazi ambaye mazao yake yamekauka, au ng'ombe wake wamekufa kwa ukame, hana kosa la kutubu. Anapojilaumu, anabeba hatia ya jambo ambalo hakulifanya.

Tukumbuke historia ya eneo letu. Kuanzia miaka ya 1970, mashamba makubwa ya ngano ya NAFCO yalifunguliwa Hanang kwa msaada wa Kanada, na wafugaji wa Kidatoga walipoteza sehemu kubwa ya malisho yao mazuri. Tarehe 3 Desemba 2023, maporomoko ya tope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliangamiza nyumba katika mji wa Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi na Jorodom, yakaua watu zaidi ya 80 na kuacha kaya nyingi bila kitu. Mwezi mmoja baadaye shule zilifunguliwa kama kawaida nchini kote. Mzazi aliyepoteza ghala, mifugo na nyumba ndani ya asubuhi moja, na akashindwa kutoa mchango mwaka ule, alikosa nini?

Kuna andiko moja ambalo husomwa mara nyingi kwa wazazi wa namna hii, nalo ni 1 Timotheo 5:8, linalohusu mtu asiyewatunza wa nyumbani mwake. Tunaomba wahubiri walisome pamoja na mistari inayolizunguka. Pale Mtume anazungumzia utunzaji wa wajane, na jamaa wenye uwezo wanaotaka kulitupia kanisa wajibu wao. Si fimbo ya kumchapia mama mjane wa Yaeda Chini ambaye hana debe la mahindi.

Badala yake tutazame Luka 2:24. Yusufu na Mariamu walipompeleka mtoto hekaluni walitoa sadaka ya ndege. Tukirudi Mambo ya Walawi 12:8 tunaona kwamba hiyo ilikuwa sadaka iliyoruhusiwa kwa mama ambaye hakuweza kupata mwana-kondoo. Yaani Torati yenyewe iliweka kiwango cha mwenye nacho na kiwango cha asiye nacho, na wote wawili walipokelewa katika hekalu lilelile. Wazazi wa Yesu walikuwa katika kundi la pili.

Kujilaumu kunazaa nini

Aibu ikikaa kimya ndani ya nyumba haibaki ilivyo. Kwa uzoefu wetu huzaa mambo haya:

(a) Mzazi hujificha. Haendi tena kwenye mkutano wa wazazi, hataki kukutana na mwalimu njiani, na baadaye hukosa hata jumuiya na ibada, hasa pale majina ya wasiochanga yanaposomwa hadharani. Shule inamwona mzazi asiyejali, kumbe ni mzazi anayejali mno.

(b) Mzazi hukopa kwa riba kubwa, au huuza mtamba ambaye angezaa mwaka unaofuata, au huuza mahindi yakiwa bado shambani. Kambi ya mwezi mmoja huacha deni la mwaka mzima, na wadogo zake mwanafunzi ndio wanaolilipa kwa njaa.

(c) Mzazi hugeuza aibu kuwa ukali. Humwambia mtoto, "Wewe mwenyewe huna akili, kambi ya nini?" Maneno hayo humponya mzazi kwa siku moja na kumjeruhi mtoto kwa miaka.

(d) Mtoto hujitoa mwenyewe. Watoto huona mengi kuliko tunavyodhani. Akimwona mama hana amani, mtoto wa kike husema hataki tena shule na huenda mjini kufanya kazi za ndani. Wa kiume hupotelea kwenye uchungaji wa ng'ombe wa watu. Hakuna aliyemfukuza. Amejiondoa ili asiwe mzigo.

Tunaomba kamati zizingatie sana jambo hili la mwisho. Kukosa kambi moja hakumwondoi mtoto shuleni. Kinachomwondoa ni imani kwamba yeye ndiye chanzo cha taabu ya wazazi wake.

Taratibu zinasemaje

Wazazi wengi hawafahamu haki zao, na kutofahamu huongeza aibu. Ada ya shule za msingi iliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati wa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM). Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, ulioanza kutekelezwa Januari 2016, uliondoa ada na michango ya lazima hadi kidato cha nne. Ada ya sekondari za serikali iliyofutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka kwa kutwa na 70,000 kwa bweni. Katika mwaka wa fedha 2022/2023 ada ya kidato cha tano na sita nayo ilifutwa.

Hata hivyo elimu bila ada haikumaanisha elimu bila gharama. Sare, madaftari, kalamu na chakula cha mwanafunzi wa kutwa vilibaki kwa mzazi, na kambi imeangukia katika eneo hilo. Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku michango ya lazima shuleni, na msimamo uliotolewa ni kwamba mwanafunzi asirudishwe nyumbani kwa sababu ya mchango. Wenzetu wa Kenya walikwenda mbali zaidi: Sheria yao ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza masomo ya likizo.

Hivyo basi, mchango wa kambi ni makubaliano ya wazazi. Mzazi ana haki ya kuhudhuria kikao, kuuliza hesabu, kupendekeza kiwango na kusema hana. Kusema hana si uasi. Tunawasihi wazazi na kamati walizungumze jambo hili na walimu wakuu kwa heshima, kwa maana walimu nao hubanwa na matokeo ya mitihani, na wengi wao hutumia muda wao wa mapumziko kwa ajili ya watoto wetu.

Tuigawe kambi vipande

Mzazi anaposikia "shilingi 80,000" huona ukuta. Tukiugawa ukuta huo tunakuta matofali, na baadhi ya matofali mzazi anayo nyumbani.

Chakula. Mwanafunzi anayekula ugali mchana na jioni pamoja na uji asubuhi hutumia takriban nusu kilo ya unga kwa siku. Kwa siku 30 ni kilo 15, yaani pungufu ya debe moja la mahindi. Maharage, tukikadiria gramu 150 kwa siku, ni kilo nne na nusu. Hiki ndicho chakula kikuu cha kambi nzima kwa mtoto mmoja. Familia isiyoweza kupata noti huenda ikaweza kutoa debe moja Julai, na ikatoa bila kupitia kwa mlanguzi.

Kuni, maji na upishi. Haya ni nguvu za mtu. Mzazi anaweza kuleta mizigo ya kuni, au kupika kwa zamu, na kazi yake ikahesabiwa kama mchango kamili na kuandikwa kwenye daftari kama wanavyoandikwa wengine.

Mwanga na mahali pa kusomea. Hapa usharika una nafasi kubwa. Kanisa au nyumba ya mtaa hukaa tupu siku tano kwa juma. Taa mbili tatu za sola na mabenchi yaliyopo yanatosha kwa wanafunzi ishirini wa vijiji vya karibu kusoma jioni, chini ya uangalizi wa mwinjilisti au mzee wa kanisa, kisha wakarudi kwao pamoja.

Mwalimu. Katika karibu kila usharika kuna kijana aliyemaliza kidato cha sita au chuo na anasubiri ajira. Akiombwa na kupewa chakula na nauli, anaweza kusimamia hisabati na Kiingereza mara mbili kwa juma.

Usalama. Hapa hatupunguzi chochote. Kambi ya wasichana bila matroni, bila milango inayofungwa, bila choo na maji ya karibu, ni bora isiwepo. Mzazi anayemzuia binti yake kwa sababu hizo amefanya kazi yake ya uzazi, na kamati imuunge mkono.

Mzazi amwambie nini mtoto

Wazazi hutuuliza hili mara nyingi. Ushauri wetu ni mfupi. Mwambie mtoto ukweli kabla hajausikia kwa wenzake. Mwambie, "Mwaka huu fedha ya kambi hatuna. Si kosa lako, na si kwamba masomo yako hayana maana kwetu." Kisha mwambie kile mtakachofanya: "Jioni hutachunga, mdogo wako atachukua zamu. Utasoma kanisani na wenzako hadi saa mbili." Usiahidi usichoweza, kwa maana ahadi iliyovunjika humwumiza mtoto kuliko neno "hatuna". Wala usimlinganishe na mtoto wa jirani.

Baba nao washiriki. Katika nyumba nyingi mama ndiye anayeachiwa kumjibu mtoto, na baba huondoka mapema asubuhi ili asiulizwe. Mtoto akisikia jibu hilo kwa wazazi wote wawili, hulipokea kwa utulivu zaidi.

Kamati ya usharika ifanye nini

Tunapendekeza hatua hizi, na hakuna hata moja inayohitaji bajeti kubwa:

1. Majina ya waliochanga na wasiochanga yasisomwe ibadani wala kubandikwa ukutani, si kwa kambi ya shule wala kwa kambi ya kanisa. Jumla ya makusanyo inatosha kutangazwa.

2. Kambi za kanisa ziwe na viwango vitatu: fedha, mazao au kazi. Mtoto asijue mwenzake ameingia kwa kiwango kipi.

3. Kamati ya diakonia itenge sehemu ya mazao ya sadaka ya mavuno kwa ajili ya chakula cha kambi. Mazao hayo yanaingia ghalani wakati uleule ambao kambi zinaanza.

4. Vikundi vya kuweka na kukopa vifungue mfuko mdogo wa elimu. Utaratibu huu wa vikundi ulianzia Niger mwaka 1991 na umeenea kwetu kwa sababu hauhitaji benki. Mwanakikundi anayeweka shilingi 1,000 kwa juma kuanzia Agosti, atakuwa na zaidi ya 40,000 kufikia Juni, bila kuuza gunia kwa bei ya kutupa.

5. Wazee wa kanisa wawatembelee wazazi ambao wameacha kuja vikaoni. Waende kuwasalimu, wala wasiende kudai.

Kwa wafadhili wetu

Tunawashukuru kwa upendo wenu. Wengi mmetuuliza kama mnaweza kumlipia mtoto mmoja mmoja kambi. Nia ni njema, lakini mara nyingi huacha watoto tisa wakimtazama wa kumi, na huongeza kilio katika nyumba zile tisa. Tunaomba zaidi msaada unaotumiwa na wote: taa za sola za vituo vya kusomea, sufuria kubwa, milango na vyoo vya mabweni ya wasichana, na vitabu vya kiada. Kwa njia hiyo mzazi naye anabaki na nafasi ya kuleta debe lake. Kutoa ni moyo, walisema wahenga, usambe ni utajiri. Anayenyimwa nafasi ya kutoa hubaki na aibu hata baada ya mtoto wake kulipiwa.

Likizo ya Juni haiko mbali. Tunaziomba kamati za sharika zote za Mbulu na Hanang zikae mapema, mahindi yakiwa bado mabichi shambani, zipange vituo, zamu na viwango, na kutuletea mapendekezo yao katika ofisi ya miradi kupitia wachungaji wao. Mzazi akisikia mapema kwamba debe lake litapokelewa, atakuja kikaoni mwenyewe.